Homa Imekwisha, Mgonjwa Hajapona

Hapa Kasigau, kuanzia Rukanga na Jora hadi Bungule na Makwasinyi, mtu akishikwa na homa huwa ana majina matatu ya kuhofia: malaria, taifodi na brusela. Kipimo kikionyesha kwamba malaria haipo, hubaki mawili, na si ajabu mgonjwa akaondoka na yote mawili kwa mpigo. Humeza dawa wiki moja au mbili. Homa hushuka, lakini viungo huendelea kuuma, jasho la usiku halikomi, mgongo haunyooki, na uchovu humzuia hata kwenda shambani. Mwezi ukiisha hurudi, hupimwa tena, huambiwa brusela bado ipo, na dozi nyingine huanza. Wapo waliozunguka hivyo miaka. Hoja yangu leo ni moja. Maumivu ya watu hawa ni ya kweli, lakini jina walilopewa mara nyingi si la kweli. Kwa kuwa tumezoea kuyafunga mambo haya mawili kwenye kamba moja, tumebaki na njia mbili mbaya: ama tunamwonyesha mgonjwa kuwa tunamwamini kwa kumpa dawa asiyoihitaji, ama tunamnyima dawa hiyo kwa kumwambia kwamba haumwi.

Ugomvi huu haukuanzia kwetu. Mwaka 1975, katika mji wa Lyme huko Connecticut, Marekani, wazazi walishangaa kuona watoto wengi wa mtaa mmoja wakivimba magoti, na watafiti wakaanza kufuatilia. Miaka michache baadaye Willy Burgdorfer aligundua bakteria wa ugonjwa huo ndani ya kupe, na bakteria hao wakaitwa kwa jina lake, Borrelia burgdorferi. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, doksisaiklini ya wiki mbili hadi nne huwaponya wengi. Wachache, labda mmoja kati ya kumi, hubaki na uchovu, maumivu na akili isiyotulia hata baada ya kutibiwa sawasawa. Kwa ajili ya hao, na kwa ajili ya wengine wengi ambao hawakuwahi kuthibitishwa kuwa na ugonjwa wenyewe, jina jipya lilizuka: Lyme sugu. Upande mmoja ukasema bakteria wamejificha mwilini na dawa lazima ziendelee kwa miezi, hata miaka. Upande wa pili ukasema hakuna bakteria aliyebaki, na baadhi yao wakateleza zaidi wakasema hakuna ugonjwa. Aina ya kupe wanaoeneza Lyme haiishi kwenye nyika zetu, kwa hiyo sioni sababu ya mkazi wa Kasigau ambaye hajasafiri kuambiwa ana Lyme. Lakini ugomvi wenyewe tunao, umevaa jina la brusela.

Tuanze na ushahidi wa karibu. Ukitoka Voi kupitia Mwatate na Taveta, ukavuka mpaka pale Holili, unafika Moshi siku hiyohiyo. Huko, kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7. Damu ilipochunguzwa kwa makini, malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa watu 14 tu. Kati ya waliopimwa kwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo: leptospirosisi, ile ambayo Watanzania waliiita homa ya mgunda ilipozuka Lindi mwaka 2022, watu 40; homa za riketsia zinazoletwa na kupe, watu 36; homa ya Q, ambayo hutoka kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe hasa wakati wa kuzaa, watu 24; na brusela, watu 16. Wengine walikuwa na chikungunya, ambayo huletwa na mbu. Tazameni orodha hiyo vizuri. Karibu yote inatokana na mifugo, panya, kupe na mbu, vitu ambavyo hapa tunaishi navyo katikati ya maranchi na mbuga za Tsavo. Na zaidi ya nusu ya magonjwa hayo hayana hata kipimo katika zahanati zetu za kawaida, wala hayatajwi mgonjwa anapoulizwa maswali.

Siwalaumu madaktari wa Moshi kwa kuitanguliza malaria. Hofu ya malaria katika eneo hili ina msingi. Wakasigau hawahitaji kufundishwa jambo hilo: mwaka 1915, katikati ya vita vya Waingereza na Wajerumani, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu kutoka mlimani hadi Malindi, wengi wakafa huko kwa malaria kabla ya waliosalia kuruhusiwa kurudi miaka ya 1930. Kuiwaza malaria kwanza ni busara. Tatizo huja pale ambapo wazo la pili halipo, na nafasi yake inajazwa na kipimo ambacho hakistahili kuaminiwa.

Kipimo hicho wengi wenu mnakijua: tone la damu linachanganywa na dawa ya rangi, mtaalamu wa maabara anatazama kama itaganda vichembevichembe, na jibu linatoka palepale. Watafiti waliofanya kazi Busia, magharibi mwa Kenya, walichukua wagonjwa zaidi ya 800 waliokuja kwenye vituo vya afya, wakalinganisha jibu la kipimo hicho cha haraka na jibu la kipimo kingine kinachoitwa Rose Bengal. Kipimo cha haraka kilisema karibu mmoja katika kila watano ana brusela. Rose Bengal kilisema mmoja katika kila mia. Fikirini maana yake kwa hesabu ya kawaida. Wakija wagonjwa mia moja wenye homa, na mmoja tu kati yao ana brusela, kipimo kinachomwona mgonjwa huyo mmoja pamoja na wengine kumi na tisa wasio nayo kitawatuma watu ishirini kwenye duka la dawa. Kumi na tisa watatibiwa ugonjwa ambao hawana. Na kwa kuwa dawa haiwezi kuondoa kitu ambacho hakipo, watarudi wakiwa bado wanaumwa, watapimwa tena kwa kipimo kilekile, na kipimo kitawaambia kilekile. Hivyo ndivyo brusela sugu inavyozalishwa nchini mwetu. Taifodi nayo ina hadithi ya namna hiyo kupitia kipimo cha Widal, na sitaki kuirefusha.

Hata kipimo kilicho bora kina mpaka wake. Vipimo vingi vya aina hii havitafuti bakteria. Vinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili huacha baada ya kupambana. Kingamwili ni kama majivu: yanathibitisha kwamba moto uliwahi kuwaka, hayasemi kama bado unawaka. Mtu aliyetibiwa brusela akapona anaweza kuonyesha kingamwili kwa miezi mingi, na mfugaji anayekunywa maziwa mabichi maisha yake yote anaweza kuwa nazo bila kuumwa. Kumpima mtu kila mwezi kwa njia hiyo ili kujua kama amepona ni kumwuliza shahidi jambo ambalo hakuliona.

Hapa naweza kusikia pingamizi la kwanza, na ni zito. Mtu atasema: wewe unawaambia wafugaji kwamba brusela ni uzushi, kumbe ipo na inaua nguvu za watu. Nakubali ipo. David Bruce aliwatambua bakteria wake mwaka 1887 kisiwani Malta, katika miili ya askari wa Kiingereza, na mwaka 1905 Themistocles Zammit akaonyesha kwamba mbuzi ndio walioubeba. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, karibu nusu ya watu waliopimwa Marsabit walikuwa na kingamwili za brusela, ilhali Kiambu, ambako ufugaji ni wa namna nyingine, walikuwa wachache mno. Ng'ombe wa kutoka kaskazini wanaolishwa kwenye maranchi yetu hawaji peke yao. Huja na yale waliyoyabeba. Lakini ukubwa wa brusela ndio unaonipa mimi hoja, haumpi mpinzani wangu. Brusela ya kweli haitibiki kwa sindano za siku tano. Matibabu yanayokubalika ni dawa mbili kwa pamoja: doksisaiklini kwa wiki sita, pamoja na streptomaisini kwa wiki mbili hadi tatu, au pamoja na rifampisini kwa wiki hizo sita. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa hurudiwa. Jina likigawiwa kwa kila mwenye homa, hakuna kituo kinachoweza kumpa kila mmoja matibabu ya wiki sita, kwa hiyo wote hupewa kidogokidogo, na yule mmoja mwenye brusela halisi hupewa kidogo kama wenzake. Anayedhulumiwa zaidi na jina lililotapakaa ni mgonjwa wa kweli wa ugonjwa huo.

Sasa niligeukie lile ambalo wengi wa upande wangu huliruka. Tuseme kipimo kilikuwa sahihi, dawa zilikamilika, bakteria wameisha, na mtu bado anaumwa. Tumwambie nini? Mwaka 1959, Marekani, kundi la madaktari lilichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa maabara waliokuwa wameugua brusela, baadhi wakachelewa mno kupata nguvu. Hitimisho lao lilikuwa kwamba waliochelewa walikuwa na shida za moyoni na maishani zaidi ya wenzao. Hitimisho hilo lilipendwa sana, maana lilimwondolea daktari mzigo. Lakini lilikuwa na kasoro inayoonekana: watu hao walichunguzwa wakiwa tayari wameumwa kwa muda mrefu, na mtu aliyeumwa mwaka mzima ana kila sababu ya kuwa na huzuni. Ili kujua kipi kilitangulia ni lazima uanze na watu siku wanapougua, uwafuate mbele. Kazi ya namna hiyo ilifanyika Dubbo, Australia, ikachapishwa mwaka 2006. Watu 253 waliougua homa za aina tatu tofauti, mojawapo ikiwa homa ya Q, walifuatiliwa tangu mwanzo. Baada ya miezi sita, asilimia 12 walikuwa bado na uchovu mkubwa, maumivu na akili nzito. Kilichobashiri nani angebaki hivyo ni ukali wa ugonjwa wenyewe ulipoanza. Tabia ya mtu, au historia yake ya huzuni, havikubashiri. Na hali hiyo ilifanana kwa homa zote tatu, ingawa mbili kati yake zilisababishwa na virusi na moja na bakteria.

Ushahidi huo una maana kubwa kwetu. Unasema mwili uliopigwa vikali na maambukizi unaweza kubaki na maumivu baada ya adui kuondoka, na kwamba jambo hilo si la brusela peke yake wala la Lyme peke yake. Watu wa pwani wana mfano mkubwa kuliko wote. Mwaka 2004 chikungunya iliingia Lamu, na uchunguzi uliofuata ulikadiria kwamba karibu robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Mwaka huohuo ikafika Mombasa, na ikarudi Mombasa mwishoni mwa mwaka 2017. Homa yake hudumu siku chache tu. Maumivu ya vifundo, vidole na magoti yanaweza kudumu miezi, na kwa wengine miaka. Ni virusi, hakuna antibiotiki inayoigusa. Kati ya Mombasa na Voi magari na treni havilali. Mtu aliyeambukizwa kule, akaja kuumwa viungo huku, akapimwa kwa kipimo cha haraka, tunajua ataambiwa nini.

Pingamizi la pili ni la wagonjwa wenyewe: dawa zilinisaidia, nilipoziacha maumivu yakarudi. Sina sababu ya kukana kwamba mtu alijisikia nafuu. Swali ni kilicholeta nafuu. Maumivu ya aina hii hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huenda kutafuta dawa siku yamepanda, kwa hiyo lolote atakalomeza litasifiwa yatakaposhuka. Doksisaiklini nayo hutuliza uvimbe kidogo, mbali na kazi yake ya kuua bakteria. Njia pekee ya kutenganisha mambo hayo ni kuwapa nusu ya wagonjwa dawa halisi na nusu vidonge visivyo na dawa, bila wao kujua. Imefanyika. Mwaka 2001 Marekani ilichapisha matokeo ya wagonjwa 129 waliobaki na maumivu baada ya Lyme: siku 90 za antibiotiki, za mshipa kisha za kumeza, hazikuzidi vidonge vitupu. Mwaka 2016 Waholanzi walijaribu kwa wagonjwa 280, wiki 12 za ziada, jibu likawa lilelile. Mwaka 2017 Waholanzi haohao, ambao kati ya 2007 na 2010 walipata mlipuko wa homa ya Q wa zaidi ya watu 4,000 kutoka kwa mbuzi wa maziwa, walijaribu doksisaiklini ya muda mrefu kwa waliobaki na uchovu. Haikusaidia kuliko vidonge vitupu. Kilichosaidia, angalau kwa muda, ni mazungumzo ya kitaalamu ya kumfundisha mgonjwa kupanga kazi, usingizi na hofu zake. Ni magonjwa mawili tofauti na majaribio matatu, na jibu ni moja.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi, wakasema: mgonjwa akizidiwa baada ya kumeza dawa, hiyo ni dalili kwamba bakteria wanakufa, aendelee. Wazo hilo lina asili ya kweli, na asili hiyo iko karibu nasi. Ni homa ya papasi. Papasi, ambaye ni aina ya kupe, hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, huuma usiku, na huingiza bakteria aliye wa ukoo mmoja na yule wa Lyme: Borrelia duttonii, aliyepewa jina la Joseph Dutton, daktari aliyekufa Kasongo, Kongo, Februari 1905 akiuchunguza ugonjwa huo. Mwaka mmoja kabla, Philip Ross na Arthur Milne walikuwa wameonyesha Uganda kwamba ni homa inayoletwa na kupe. Mgonjwa wa homa ya papasi akipewa dawa sahihi anaweza kutetemeka na kupandwa na joto kali, kwa sababu bakteria wengi wanakufa kwa pamoja ndani ya damu. Lakini hilo hutokea ndani ya saa chache baada ya dozi ya kwanza, na hupita. Kuzidiwa wiki ya tano hakufanani nalo. Huko kunaweza kuwa ni tumbo lililochoshwa na dawa, au ini. Na niongeze jambo la pembeni: bakteria wa homa ya papasi huonekana kwenye darubini, katika tone lilelile la damu linalotafutwa malaria. Vipimo vya haraka vya malaria ni vizuri kwa malaria, lakini tangu vilipochukua nafasi ya darubini katika vituo vidogo, lile jicho lililoweza kumwona Borrelia kwa bahati limefumbwa.

Mtu anaweza kuuliza kuna hasara gani, ikiwa dawa hazisaidii lakini zinampa mgonjwa matumaini. Hasara kubwa kuliko zote hapa kwetu ni kifua kikuu. Jasho la usiku, kukonda, homa za jioni, mgongo unaouma: orodha hii ni ya brusela, na ni ya kifua kikuu cha uti wa mgongo pia. Rifampisini na streptomaisini, zinazotolewa kwa brusela, ni dawa za kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua kikuu akipewa hizo kwa wiki mbili kwa jina la brusela, hupata nafuu, husifu dawa, huacha, na bakteria waliobaki hupata nafasi ya kujifunza kuihimili rifampisini, dawa ambayo matibabu ya kawaida ya kifua kikuu yameegemea juu yake. Nyuma ya jina hilohilo nimeona pia katika maandiko ya madaktari ugonjwa wa baridi yabisi, lupasi kwa wanawake vijana, virusi vya UKIMWI, tezi ya shingo iliyolegea, na sonona. Kila ugonjwa una matibabu yake, na kila mmoja huharibu mwili kimyakimya kadiri unavyocheleweshwa kutibiwa.

Najua pingamizi la mwisho: haya ni ya hospitali kubwa, na kutoka Bungule hadi hospitali ya rufaa ya Moi mjini Voi nauli peke yake ni mzigo. Lakini tazameni gharama zilivyo kwa kweli. Rose Bengal si mashine. Ni tone la majimaji ya damu na tone la dawa kwenye kadi, na dakika chache za kusubiri; kituo cha afya cha Rukanga kinaweza kukifanya. Familia inayonunua dozi tano kwa mwaka kwa ugonjwa usiokuwepo imeshalipa nauli ya Voi mara kadhaa. Kinachohitajika zaidi ni utaratibu. Kipimo cha haraka kikisema ndiyo, jibu lisiandikwe kwenye kadi ya mgonjwa mpaka Rose Bengal kikubali. Akithibitika, apewe wiki sita zote, na ahesabiwe vidonge. Baada ya hapo asipimwe tena kingamwili kila mwezi. Apimwe joto, uzito, viungo na makohozi, na kinachoonekana kifuatwe. Asipothibitika, mhudumu awe na ruhusa ya kuandika kwamba chanzo hakijajulikana, na tarehe ya kurudi. Leo mhudumu anayeandika hivyo huonekana hajui kazi, na mgonjwa humkimbilia mwingine mwenye jina mkononi. Wakati huohuo maumivu yatibiwe kama maumivu: dawa za kutuliza kwa kipimo, mazoezi yanayoongezwa polepole, kazi za shamba zigawiwe upya nyumbani, na familia iambiwe na mhudumu mwenyewe kwamba mtu huyu si mvivu.

Kuna ushahidi mwingine ambao hautoki maabara, nao hapa tunao kuliko watu wa mjini. Brusela huanza kwa mifugo kabla ya kufika kwa watu, na kwa mifugo hujionyesha kwa kutupa mimba. Mwaka 2012 Kenya ilizindua kitengo cha pamoja cha wizara ya afya na ile ya mifugo kwa ajili ya magonjwa ya namna hii, lakini kitengo cha Nairobi hakiwezi kujua mbuzi wa nani ametupa mimba Makwasinyi. Mwenye mbuzi anajua. Aliyemsaidia mbuzi huyo kuzaa kwa mikono mitupu anajua, na waliokunywa maziwa yake bila kuyachemsha wanajulikana kwa majina. Mgonjwa mwenye viungo vinavyouma aulizwe maswali hayo matatu kabla ya kuchomwa sindano ya kwanza, na afisa wa mifugo aitwe kupima kundi. Kundi likiwa safi, mimba hazijatupwa, na Rose Bengal kimekataa, mhudumu wa Rukanga ana msingi wa kumwambia mtu aliyeketi mbele yake kwamba hana brusela, kwamba anaumwa kweli, na kwamba uchunguzi wa kifua, mgongo na damu yake unaanza wiki hiyohiyo.